Wiki Mtaa Wetu Uliponyamaza

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimesimika mashine ya kupimia kelele mtaani kwangu mwenyewe, hatua chache kutoka dirisha la wakwe zangu. Ndiyo kazi yangu: mgodi umeniajiri nisikilize kelele zake. Mume wangu husema hajaona mtu mwingine aliyeajiriwa kwa kuwa na masikio, na mtaa mzima wananiita Sikio. Waache waite, jina si kidonda.

Shimo la mgodi liko nyuma ya kilima, wazi kama bakuli, na kila mwaka linapanuka kuja kwetu. Jaa la kifusi, pale malori yanapomwaga mawe yasiyo na faida, limeshafika juu ya mabega yetu. Na sasa kipupwe kimeingia. Watu hawajui kwamba baridi ndiyo adui. Siku za joto kelele hupanda na kupotelea huko juu. Asubuhi ya baridi hewa nzito inalala chini, ile ya joto inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na kila kelele inayopanda inagonga mfuniko na kutuangukia sisi.

Bosi wangu, mkuu wa kitengo cha mazingira, hataki kusikia habari za mfuniko. Umwambie paa linavuja, umwambie nyumba inaungua, jibu ni moja: "Tutaangalia." Basi ofisini jina lake ni Tutaangalia, na nadhani mwenyewe analijua. Mashine ya zamani aliiweka getini mwa mgodi, nyuma ya tuta la udongo, mahali ambapo hata bomu lingesikika kama mtu anakohoa. Nimemsumbua mpaka amekubali ya pili ije huku. Naona amekubali ili nimwondokee mezani.

Nina sababu yangu. Baba mkwe alipata kiharusi mwaka jana. Mguu umerudi, mkono unarudi, ulimi ndio umebaki nyuma. Mtaalamu wa matamshi anayekuja kumfundisha anasema asubuhi mapema ndipo sauti yake ina nguvu. Jua likipanda inachoka. "Mwacheni aseme, mumsikilize, mumjibu," anatuambia. "Mtu asiyesikilizwa huacha kusema." Na asubuhi mapema ndipo malori yanapomwaga mawe. Umsikilize kwa masikio gani?

Jumapili, 8 Juni

Mgodi haujui Jumapili. Wakati wa chai baba alifungua kinywa mara mbili. Mara zote mbili lori likarudi nyuma, pii pii pii, na yeye akakifunga.

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe kaniuliza ile mashine inafanya nini. Nilikuwa nakimbilia gari la zamu, nikamjibu, "Inasikiliza, mama." Akasema "Aaa," akaitazama kwa kirefu. Mama ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa huu imepokewa duniani na mikono yake, na mpaka leo akisema "simama", wanaume wenye vitambi vyao wanasimama.

Alhamisi, 12 Juni

Ukungu. Namba ziko juu, juu kuliko nilivyotegemea. Nimefurahi kama mwendawazimu. Simwambii Tutaangalia mpaka nizikusanye za kutosha.

Jumatatu, 16 Juni

Nina hasira, lakini lazima niandike.

Kelele ikipita kikomo, mashine hurekodi sauti yenyewe, ili tujue kama ni lori, ni buldoza au ni radi. Leo niliingia kwa Tutaangalia kifua mbele, nikaweka kompyuta mezani kwake, nikafungua rekodi ya kwanza.

"Haloo. Haloo. Moja, mbili. Moja, mbili. Inasikika?"

Mama mkwe!

"Habari za asubuhi, ninyi wenye mgodi," anaendelea. "Mimi ni mkunga mstaafu, nakaa nyumba ya geti la buluu. Awali ya yote nawapa pole kwa kazi..."

Nikakimbilia ya pili. Jirani yetu fundi cherehani, anawasalimu wakurugenzi kwa vyeo vyao, anakohoa, anaomba radhi kwa kukohoa. Ya tatu ni Mama Kuku, mfugaji wa nyumba ya pembeni, na nyuma yake majogoo wake wanamuunga mkono. Ya nne ni wimbo. Mtu kaimba wimbo, beti zote!

Nimekaa mtaa huu tangu niolewe na sikuliona hili likija. Watu wetu hawawezi kupita bure mbele ya kipaza sauti. Iwe arusi, iwe msiba, iwe mkutano wa wazazi shuleni, kikishasimama mahali kila mtu lazima aseme neno, na haanzi neno lenyewe kabla hajajitambulisha, hajasalimu na hajashukuru. Nami nimewasimikia kimoja barabarani, kwenye nguzo, kimevishwa hata sifongo. Kumbe foleni ilikuwa inapangwa kila alfajiri, saa ileile ya malori, nikishaondoka tu. Mume wangu alikuwa anaiona. Alidhani mimi ndiye niliyewaita.

Tutaangalia alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa.

"Kwa hiyo kelele ni za wakazi wenyewe."

"Si zote, bosi. Sikiliza nyuma yao, kuna lori."

"Mimi namsikia mtu anaimba."

Akaandika palepale kwenye ripoti: chanzo kikuu cha kelele ni shughuli za wakazi. Wiki ijayo mkaguzi wa serikali anakuja. Akilisoma hilo, mashine inang'olewa na malori yanaendelea kama kawaida.

Nilirudi mezani kwangu kuzisikiliza zote, labda nitaokoa mbili tatu. Ya mwisho ilikuwa ya jana. Ni mama tena, ila safari hii hakujaribu moja mbili. Alikuwa karibu sana na kipaza sauti, anaongea taratibu.

"Mume wangu anasema kitu kila asubuhi. Naona midomo. Magari yenu yanapita juu ya maneno yake. Namwambia nimekusikia, namtikisia kichwa, na sijasikia kitu. Naye anajua namdanganya. Leo hakufungua mdomo kabisa. Nawaomba, mimi si mtu wa kuomba..."

Halafu pii pii pii, mawe yakamwagika, na sauti yake ikapotea humohumo.

Nililia pale ofisini, na aliyeniona shauri lake. Tunalala nyumba moja, tunakula sufuria moja, na habari hii mama kaenda kuiambia nguzo.

Jumanne, 17 Juni

Nimegombana na mama mkwe, jambo ambalo mkamwana mwenye akili zake halifanyi.

"Mama, mmeniharibia kazi!"

"Sisi? Umetuwekea kipaza sauti, umesema kinasikiliza, ukapanda gari ukaenda zako. Ulitaka tukifanyeje, tukitazame?"

"Mlitakiwa mkae kimya!"

"Kimya! Mtu anakukanyaga kidole na wewe unyamaze?"

Nikavuta kiti nikakaa, maana nilikuwa namfokea mtu aliyenioza mwanawe. Nikamweleza pole pole. Mashine haijui maneno. Inapima ukubwa wa sauti tu, na anayesema akiwa puani mwake anaonekana mkubwa kuliko lori lililo kilimani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho si kawaida yake.

"Yaani mtaa wote ukinyamaza, itausikia mgodi peke yake?"

"Peke yake."

"Basi tutanyamaza."

Nilicheka. Mtaa huu? Watu wanaosalimiana kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho bila kutoka vitandani? Tena nikamwambia kuna shida ya pili: Tutaangalia akijua siku ya kupima, atayalaza malori siku hiyo, tupime upepo.

"Basi tusiwe na siku," mama akasema. "Tunyamaze wiki nzima, mpaka mkaguzi aje. Akiyalaza malori wiki nzima, mume wangu atasikika. Asipoyalaza, tumemkamata. Mwache achague mwenyewe anapotaka kuumia."

Siku zote nilimwona mama kama mkwe mwenye maneno mengi. Kumbe nimeishi na jemadari, nami namsahihisha namna ya kukunja mashuka.

Jambo la baba sikuligusa. Nilimshika mkono tu, akaniachia niushike.

Jumamosi, 21 Juni

Mkutano uani kwetu. Hakukuwa na kipaza sauti, ndiyo maana uliisha.

"Mimi nitanyamaza," akasema Mama Kuku. "Majogoo je?"

"Chinja," fundi cherehani akamjibu.

"Nianze na wewe?"

Watu wakavunjika mbavu. Mwishowe imekubaliwa banda lifunikwe mablanketi kuzuia mwanga, na lile jogoo kubwa lihamishiwe kwa dada yake Mama Kuku, mbali huko. Muuza mikate, ambaye sauti yake ndiyo saa ya mtaa, atapita akigonga milango kwa ncha ya kidole. Mama mmoja akauliza kwa woga habari ya kichanga chake. Nikamwambia kichanga alie anavyotaka, dakika hizo nitazitoa kwenye vipimo.

Baba alikuwa barazani anatutazama. Hajasema neno wiki hii yote.

Jumatatu, 23 Juni

Jogoo mmoja katusaliti. Alipenyeza kichwa nje ya blanketi akaimba mpaka jua likatoka. Mama Kuku hatoki nje kwa aibu.

Jumanne, 24 Juni

Tutaangalia amepata habari. Malori hayakumwaga jaani hata mara moja. Kimya kikatanda, mtaa na mgodi, na watu tukawa tunatazamana kama wageni. Mama alimtoa baba barazani, akamfunika shali, akakaa mbele yake akisubiri. Baba aliangalia kilimani tu, anayangoja malori. Mdomo haukufunguka.

"Ameshazoea kutosikika," mama akaniambia jikoni. Sijawahi kumsikia akiongea kwa kukata tamaa, na sikuipenda hata kidogo.

Jumatano, 25 Juni

Malori yamerudi. Wakubwa wamemuuliza Tutaangalia mbona kazi ya jana imelala. Lakini leo ni upepo, na upepo ukizidi vipimo havihesabiwi. Nguo zinapeperuka kwenye kamba, mabati yanagonga. Fundi cherehani anasema kunyamaza kunamtia njaa, jana kala mara nne. Nikamwomba avumilie. Mkaguzi anakuja kesho.

Alhamisi, 26 Juni

Niandike yote kabla hayajanipoa.

Niliamka kabla ya saa ya kengele, nikatoka nje, nikainua uso kuutafuta upepo. Baridi inauma masikio. Ukungu umelala barabarani. Upepo hakuna, hata unyoya usingetikisika. Nilitamani kupiga kelele za furaha, nikakumbuka siruhusiwi.

Mkaguzi alifika na gari la serikali, mwanamke mfupi mwenye koti refu, na nyuma yake Tutaangalia, ripoti yake kwapani. Nilidhani watakuta mtaa umejifungia ndani. Wapi! Watu wote walikuwa nje. Wamesimama kwenye mageti yao, wamejifunika mablanketi na vitenge, watoto mbele, wakubwa nyuma, na hakuna anayepumua kwa nguvu. Muuza mikate alipita katikati na baiskeli yake, mtu ananyoosha vidole viwili, anapewa mikate miwili. Fundi cherehani kajifunga skafu mdomoni kwa usalama. Mama Kuku alikuwa amelikalia banda. Namaanisha amelikalia, juu, na blanketi zote alizo nazo.

Ndipo lori la kwanza likafika jaani.

Injini ikanguruma, king'ora kikaanza pii pii pii, na mawe yakaporomoka mpaka nikayasikia tumboni. Madirisha yakatetemeka. Jamani, hata mimi niliyezoea nilishtuka. Miaka yote hii tumesikia kelele hii ikiwa imechanganyika na redio, ndoo, majogoo na maneno yetu. Leo ilisimama uchi mbele ya kila mtu.

Mkaguzi alimgeukia Tutaangalia, akamuuliza kitu. Tutaangalia akajibu. Mkaguzi akaweka mkono sikioni. Ikabidi Tutaangalia apaze sauti, na kabla hajamaliza mama mkwe alishavuka barabara, kasimama mbele yake, kidole mdomoni.

"Shhh!"

Na Tutaangalia, mkuu wa kitengo, akanyamaza.

Kikomo cha asubuhi ni desibeli arobaini na tano. Mashine ilisoma sitini na mbili. Mkaguzi alisoma, akasubiri lori la pili. Sitini na moja. Akasubiri la tatu. Alimngoja kila dereva kama mtu anayengoja kuaminishwa, na kila dereva akamwaminisha. Mwisho akaifungua ripoti.

"Hapa mmeandika kelele ni za wakazi," akasema. "Ziko wapi?"

Mtaa mzima tulimkodolea macho, midomo imefungwa. Tutaangalia alitazama viatu vyake.

Jua lilipoukata ukungu mkaguzi akasaini namba zake, akafunga kalamu, akamwambia mama, "Asante, mama. Mnaweza kuongea sasa."

Hapo ndipo niliposikia kelele halisi. Vigelegele, masufuria, mbinja. Mama Kuku akaruka chini na kufungua banda, majogoo wakatoka wanadai haki ya siku nne. Fundi kavua skafu na kutoa hotuba, awali ya yote anashukuru. Mashine ilisoma themanini na tisa, na niliiacha isome.

Ijumaa, 27 Juni

Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 8 Julai

Uamuzi umetoka, na nimeusoma mara nyingi mpaka nimeukariri. Jaa la juu halitatumika asubuhi mpaka jua lipashe hewa. Ving'ora vyote vya malori vinabadilishwa, viwekwe vile vinavyokwaruza taratibu na kusikika na aliye karibu tu. Na mashine ya mtaani inaunganishwa na chumba cha mawasiliano: namba ikipita kikomo, mpima kelele ana mamlaka ya kuyateremsha malori chini ya shimo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mpima kelele ni mimi. Sikio!

Tutaangalia alikuja mezani kwangu, kwa mara ya kwanza. Kumbe ile rekodi ya mwisho ya mama ameisikiliza, peke yake, wiki iliyopita. "Mkweo anaendeleaje?" akaniuliza. Nikamwambia bado hasemi. Akanisaidia kubeba betri za redio mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia milele, sasa kaniharibia.

Jumatatu, 14 Julai

Leo namba ilipanda. Dereva mgeni alilipeleka lori jaani kwa mazoea. Nilishika redio.

"Malori yote ya juu, shukeni chini ya shimo. Mtaa unasikia."

Kisha sauti ya dereva ikajibu, "Nashuka, dada."

Kupitia dirishani nikaliona lori lile, kubwa kama nyumba, linageuza na kushuka. Mimi nimelishusha! Nilikaa nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kama niko sawa.

Jumapili, 20 Julai

Asubuhi zetu sasa ni za kusikia ndege. Fundi cherehani analalamika kwamba anasikia mpaka mke wake anavyomsengenya. Mtaa unashangilia, watu wananiita kwa heshima, na baba yuko palepale. Anakaa, anatabasamu, hasemi. Mtaalamu anasema tuwe na subira, aliyefungiwa muda mrefu hatoki mlangoni siku ufunguo unapogeuzwa. Mama anaitikia, anageuka kando, anafuta macho. Nasikia uchungu. Ushindi wote huu niliutaka kwa ajili ya mdomo mmoja.

Ijumaa, 25 Julai

Nilikuwa zamu ya mapumziko, niko mezani na mume wangu. Mama alikuwa jikoni anamsimulia baba kupitia ukutani, kama afanyavyo kila asubuhi, kisa kirefu cha jogoo wa Mama Kuku aliyeingia dukani kwa fundi na kuchafua suti ya bwana arusi. Anasimulia kwa ile sauti ya enzi za malori, sauti ya kushindana na mawe. Hakuna aliyekuwa amemwambia vita vimekwisha.

Ndipo sauti ya baba ikatoka chumbani, nzito, inakwama njiani, lakini neno kwa neno.

"We mwanamke... punguza sauti."

Kijiko kilimponyoka mama. Mume wangu alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikaniuma. Mama alijifuta maji kwenye kanga, akaenda mlangoni mwa chumba taratibu, kama anaogopa kukikanyaga kilichosemwa.

"Umesemaje?"

"Punguza sauti," baba akasema. "Umezidi."

Mama alishikilia mlango kwa mikono miwili. Machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na huku anacheka, na anajaribu kukaza uso asicheke.

"Sijasikia," akamwambia. "Sema tena."

Baba akavuta pumzi, akasema tena, kwa nguvu zaidi, na kutoka ng'ambo ya ukuta fundi cherehani akaitikia:

"Mama, hata sisi huku tumemsikia!"